Kitambulisho cha Kuazima

Imakulata alichukua kitambulisho cha mwanafunzi mwingine, akamvisha Asnath shingoni, akakigeuza ili picha isionekane.

“Usikiguseguse,” alimwambia. “Na usilie. Mama yako yuko getini.”

Asnath aliitikia kwa kichwa. Kitambulisho chake mwenyewe chuo kilikichukua mwezi wa tatu, matokeo yalipobandikwa na jina lake likatokea kwenye orodha ya waliodisko, wasioruhusiwa tena kuendelea na masomo. Kwa haki angeshafungasha akarudi kwao Bukene. Badala yake alikuwa analala kwa kubebana, kitanda kimoja na rafiki yake wa chumba namba kumi na moja. Imakulata, matroni wa hosteli, alipita mlango ule kila asubuhi akijifanya haoni.

“Nipe muda tu, matroni,” msichana alikuwa amemwomba. “Nitamwambia mwenyewe.”

Mama aliingia na kifurushi cha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kichwani, kanga bado ina vumbi la stesheni. Alimkumbatia binti yake, akampapasa mashavu, akasema amekonda. Kisha akamgeukia matroni.

“Mwangaluka, mama. Mwanangu hakusumbui?”

“Hanisumbui hata kidogo.”

“Na masomo?”

Asnath alikuwa anaangalia sakafu.

“Anajitahidi,” alisema Imakulata. “Yuko vizuri.”

Mama yule alishusha pumzi, akaketi. Akaeleza kwamba mchungaji wao ameshaambiwa. Mwakani Asnath akimaliza kutakuwa na ibada ya shukrani, na kwaya ya akina mama imeshaanza mazoezi. Yeye mwenyewe hakuvuka darasa la nne. Alipoaga aliigawa ile michembe mafungu mawili, moja la binti, moja la matroni. Imakulata alikataa. Mama akamshika mkono, akaliweka fungu lile kiganjani mwake.

“Unanilelea,” alisema. “Pokea.”

Walipotoka, Imakulata alifunga mlango wa ofisi, akakaa akiitazama ile michembe mezani. Hakuweza kuila, wala hakuweza kuitoa pale.

Miaka kumi na sita iliyopita aliichukua kazi hii kwa sababu ilikuwa karibu na nyumbani kwake Cheyo. Alidhani ni ya kugawa funguo na kuripoti mabomba yanayovuja. Siku hizo msichana akikosea alikuwa anampigia simu mzazi, mpaka alipompigia mzee mmoja wa Ipole. Mzee alikuja, akamchapa binti yake uwanjani mbele ya wenzake, akaondoka naye, na binti hakurudi tena. Tangu hapo Imakulata aliapa kwamba litakalosemwa ofisini kwake litabaki humo humo. Wasichana wakaanza kuja. Walikuja na mimba, na wachumba wanaowapiga, na hofu ambazo hata kuzitaja walishindwa. Aliwasikiliza, na polepole akajua kwa nini Mungu amemweka pale.

Nyumbani ndiko kulikopungua. Vikao vya wazazi shuleni alihudhuria Festo, mumewe. Jenifa, kifungua mimba wao, alipokuwa na miaka kumi alimuuliza mezani, “Mama, na mimi nikija kukaa hosteli, utanisikiliza?” Wote walicheka. Imakulata naye alicheka, kisha akaenda jikoni akakaa huko kitambo.

Sasa Jenifa alikuwa chuo Mwanza, na mama yake hakumtupa ovyo. Alimkabidhi kwa Advera, aliyekuwa msaidizi wake kwa miaka minne, ambaye sasa ni matroni wa hosteli huko. Jenifa hakuwa na maneno mengi. “Niko poa mama, niko maktaba,” huandika, na Imakulata humshukuru Mungu kwamba wake hana mambo.

Alichukua simu, akampigia Advera. Hakuna mwingine ambaye angemwelewa.

“Shikamoo dada.”

“Marahaba. Advera, leo nimefanya dhambi.”

Akamsimulia yote: kitambulisho, ibada ya shukrani, michembe.

“Nimemtazama machoni mwanamke mwenzangu nikamdanganya,” alisema. “Amerudi kwake anafurahi. Angekuwa ni mwanangu mimi, ningetaka kujua siku hiyo hiyo. Hata habari iwe mbaya kiasi gani.”

Imakulata aliitazama simu, akidhani imekatika.

“Upo?”

“Nipo, dada.” Sauti yake ilikuwa imeshuka. “Na mimi ninaye mmoja hapa. Wa mwaka wa pili. Tangu Februari haendi darasani. Ana mimba, na hali yake si nzuri, analia tu. Ameniapisha nisimwambie mama yake.”

“Na wewe umekubali?”

“Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo, dada.”

Imakulata alifumba macho.

“Basi nilikufundisha vibaya,” alisema. “Usije ukakaa kama nilivyokaa mimi leo. Kiapo kivunje. Mpigie mama yake, Advera, mpigie sasa hivi.”

Kule upande wa pili Advera alivuta pumzi ndefu.

“Sina haja ya kumpigia, dada,” alisema. “Ndiye ninayeongea naye.”