Redio ya Bi Mwatumu

Manase alipoingiza msumeno kwenye dashibodi ya gari la Bi Mwatumu, Uweso aliomba moyoni mkono ule uteleze.

Haukuteleza. Kipande cha ubao kilitoka kizima, tundu likabaki limenyooka pembe zote nne. Mzee Zubeiri, mwenye karakana, alipitisha kidole ukingoni, akasema, "Mashallah." Kwa miaka kumi na moja aliyofanya kazi pale, Uweso hakuwahi kuambiwa neno hilo.

Gari lenyewe lilikuwa la Kiingereza, la kabla ya vita. Bi Mwatumu aliachiwa na marehemu mumewe pamoja na shamba la minazi huko Kigombe. Sasa alikuwa amenunua redio mpya ya gari kutoka Mombasa, na katika karakana ile ya Usagara hapakuwa na aliyewahi kufunga kitu kama hicho.

"Kazi hii ashike Manase," Mzee Zubeiri alikuwa amesema. "Uweso, wewe malizia breki za lori."

Uweso alikuwa mpwa wake, mtoto wa dada yake. Manase alikuwa Mbondei aliyekuja miaka mitatu tu iliyopita, lakini alipita skuli ya misheni na Kiingereza alikisoma. Karatasi iliyokuja na redio aliitandaza juu ya boneti, akawa anafuata michoro kwa kidole huku midomo ikimchezacheza. Uweso alimkodolea macho kutoka chini ya lori mpaka mafuta ya breki yakamdondokea usoni.

Asingeumia hivyo kama si maneno ya mwezi uliopita. Mzee Zubeiri aliwaambia wote wawili kwamba mwaka huu anakwenda Hija, na akirudi hatashika tena spana. Karakana ataiacha kwa mmoja wao. Hakusema nani.

Siku ya Ijumaa, adhuhuri ikikaribia, Manase alikaza skrubu ya mwisho.

"Tayari, mzee. Bado kuunga betri tu."

Mzee Zubeiri aliingiza kichwa chini ya dashibodi akiwa na tochi. Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka hakusifu wala hakulaumu. Alimtazama Manase, akamtazama na Uweso, kisha akachukua kofia yake.

"Betri iache hivyo hivyo. Nikitoka msikitini tutakaa hapa mimi na wewe, Manase, ndipo tuiwashe. Bi Mwatumu naye atakuwa amefika."

Mimi na wewe! Uweso alitembea na maneno hayo njia nzima, bega kwa bega na mjomba wake. Kwenye birika la kutawadhia alimwacha atangulie ndani. Yeye akatoka kwa mlango wa nyuma, akarudi karakana akikaribia kukimbia. Tangu abaleghe hakuwahi kuikosa swala ya Ijumaa.

Manase alikuwa amekwenda kula kwake Mabawa. Uweso alilala chali ndani ya gari, miguu nje. Nyuma ya redio aliona nyaya mbili, moja nyekundu na moja nyeusi. Mambo ya redio hakuyajua, ila dereva mmoja wa lori la mkonge alipata kumhadithia jinsi redio ya tajiri wake ilivyoungua siku ile ile ilipofungwa, kwa sababu fundi alipishanisha nyaya.

Alichukua bisibisi. Nyekundu akaipeleka ilipokuwa nyeusi, na nyeusi akaipeleka ilipokuwa nyekundu. Akakaza, akafuta alama za vidole, akatoka.

Watu wakitoka msikitini aliwakuta njiani. Jirani mmoja akampa mkono. "Allah akutakabalie," akamwambia, na Uweso akaitikia.

Bi Mwatumu alikuwa ameshafika, ameketi kiti cha mbele.

"Shikamoo, bibi," mafundi walimwamkia.

"Marahaba, wanangu. Haya, mmelitengeneza gari la watu au mmelibomoa?"

Manase aliunga betri. Alipotaka kuwasha, Mzee Zubeiri alimzuia, akainama tena na tochi yake chini ya dashibodi. Mwanga wa tochi ulisimama mahali pamoja, ukakaa. Kisha mzee akainuka taratibu, amemkazia Manase macho.

"Washa," akasema.

Manase alizungusha kitufe. Taa ndogo ya manjano ikawaka, lakini sauti haikutoka. Redio za siku zile zilitaka zipate moto kwanza. Bi Mwatumu alitega sikio. Uweso alisubiri moshi.

Kukavuma. Kukakoroma. Halafu udi ukalia, na nyuma ya udi sauti ya mwanamke akiimba kutoka Mombasa, safi kana kwamba ameketi kiti cha nyuma.

"Laiti marehemu angalikuwepo," Bi Mwatumu alisema, akajifuta macho kwa upindo wa buibui.

Manase alicheka kwa furaha kama mtoto. Uweso alibaki amesimama, akingoja harufu ya kuungua ambayo haikuja.

Mzee Zubeiri alimshika Manase mkono mbele yao wote.

"Nikwambie kweli," alisema. "Kabla ya swala niliona umezigeuza nyaya. Gari la zamani kama hili, nyekundu ndiyo inayokwenda kwenye chuma cha bodi ya gari, si nyeusi. Nikasema moyoni, huyu bado, na nikatia nia nikitoka msikitini nitangaze kwamba karakana namwachia Uweso. Kumbe huku nyuma umeliona kosa lako mwenyewe, ukalirekebisha kimya kimya bila kuambiwa na mtu! Basi karakana ni yako."