Bastola ya Mfuko wa Kanzu

Bastola ya kwanza Shaweji aliirudisha kabla muuzaji hajamaliza kuisifia. Alipoinama, ilijitokeza ubavuni kama jipu chini ya kanzu.

“Mbona unainamainama, mzee wangu? Wenzako hujaribu wakiwa wamesimama.”

“Mimi nitakuwa naswali.”

Muuzaji akafungua droo. Akatoa nyingine, nyeusi, ndogo ya kuenea kiganjani. Shaweji aliitia mfukoni, akavua viatu palepale dukani, akarukuu. Haikuonekana.

“Huyo unayemwogopa anakufuata mpaka msikitini?”

“Tunatoka naye nyumbani.” Shaweji akasimama wima. “Juzi alinikaba koo kwa ajili ya hati ya nyumba, majirani ndio walioniokoa. Kesho yake akaja kusimama kuliani kwangu, bega kwa bega, kama kawaida. Nikihama safu, naye anahama. Ananinong'oneza kwamba Idi hii sitaiona.”

“Mtu gani huyo asiyemwogopa Mungu?”

“Mwanangu. Mimi ndiye niliyemfundisha kusimama hapo.”

Shaweji akapiga magoti, akasujudu juu ya saruji. Kitu mfukoni kikagonga sakafu, kidogo tu, mlio ambao hakuna mwenye kuswali angeushughulikia.

“Haionekani kabisa,” muuzaji alisema taratibu. “Hii ndiyo yako. Inuka, mzee wangu.”

Shaweji alimsikia. Lakini paji lake lilibaki sakafuni, na mkono wake wa kulia, bila yeye kuutuma, ukawa unapapasa saruji tupu pembeni yake, pale ambapo mwanawe huweka kichwa wanaposujudu.