Taa ya Upande wa Kusini

Siku hizi mtu akifiwa, kiwanda humuundia marehemu wake upya, sura ile ile, sauti ile ile. Hansa alirudishiwa binti yake, Urvi, wiki ya Diwali. Wakakaa barazani wakipamba taa za udongo, na Urvi akachora maua yale yale aliyoyapenda tangu utotoni.

Giza lilipoingia, Hansa aliwasha taa moja, akaielekeza kusini, upande wa wafu.

"Hiyo ya nani, Mama?"

"Ya binti yangu."

"Mimi si nipo hapa?"

Hansa alihisi anamzika mtoto wake mara ya pili, lakini akaubana utambi kwa vidole, moto ukazimika.

Urvi akatabasamu. "Na mwakani usiiwashe," alisema kwa upole, akaendelea kuchora.