Pindo la Kushoto

"Nimepona mgongo kabisa, fundi! Unalala kifudifudi, nyuki wanakuuma mgongoni, basi. Nenda, usisitesite."

Begi la safari la fundi lilikuwa tayari chini ya cherehani. Mgongo ulikuwa umemtesa naye miaka mingi, na madaktari walikuwa wamenyoosha mikono.

Akapiga magoti kwa shida, pini mdomoni, amjaribishe gauni jipya mteja wake, aliyerudi juzi kutoka kwa huyo tabibu wa nyuki ng'ambo ya mpaka.

"Hapo kushoto pandisha pindo kidogo," mteja akasema, "kama siku zote, nisionekane nimepinda."

Fundi akamtazama usoni, kisha akalitazama begi.

"Usimwambie mume wangu," mteja akanong'ona. "Ndiyo kwanza ameanza kupata usingizi, tangu nimwambie nimepona."