Mikuyu Iliyoshtakiwa kwa Kunywa Maji

Zamani hizo bonde lilipokuwa bonde, Bi Chura alikaa chini ya mikuyu. Mpaka leo anaukumbuka ukungu wa asubuhi zile, na udongo laini uliompoza tumbo.

Nyati, mwenye hasira za karibu, hakuipenda mikuyu. "Kazi yake kusimama tu na kunywa maji yetu! Ing'olewe, pawe malisho."

"Inakunywa kweli, Bwana Nyati," akasema Bi Chura, "lakini huyarudisha hewani kupitia majani. Ndiyo maana hapa pana ubaridi."

"Kelele!"

Tembo akaitwa, akaing'oa yote.

Mvua iliyofuata ilipiga ardhi tupu, ikatiririka mbio ikaenda zake. Kijito kikakauka, ardhi ikawaka kama kikaango. Nyati akatafuta kivuli cha kujilaza, asipate. Alipoanza kupiga magoti palepale juani, akasikia vilio chini ya tumbo lake. Bi Chura, Sungura na Kwale na vifaranga vyake walikuwa wamebanana kivulini mwake.

"Usilale, Bwana Nyati," Bi Chura akamsihi. "Tumebaki na wewe tu. Simama."

Nyati akasimama mpaka jua likachwa, bila hata tone la maji.