Zamu ya Mbaraka

Fundi Sefu aliipapasa ile kompyuta kuukuu pale ilipotuna. "Betri imevimba, dada. Ukiiacha humu itakuunguzia nyumba. Lazima tuizime kompyuta kwanza."

Sikudhani, mwenye kompyuta, akaishika kwa mikono miwili. Kwenye kioo ulikuwapo mchezo wa drafti aliokuwa akicheza na mumewe, Mbaraka, siku mumewe huyo alipopelekwa hospitali asirudi. Zamu ilikuwa ya Mbaraka. Tangu hapo hakuizima kompyuta, kwani mchezo ule ukizimwa hupotea.

"Huwezi kuibadilisha huku inawaka? Mchezo huu utapotea, na zamu ni ya marehemu mume wangu."

"Hata mgonjwa hupewa dawa ya usingizi kabla ya kupasuliwa," alisema Sefu, kisha akaona macho yake. "Basi mchezee shemeji zamu yake. Nitasubiri."

Sikudhani alizitazama kete nyeusi za mumewe. Alijua Mbaraka angefanya nini: angekula tatu, halafu amcheke. Akasogeza kete. Nyeupe zake tatu zikatoweka.

Alidhani atalia, au angalau atapata nafuu. Badala yake aliduwaa, maana sasa zamu ilikuwa yake, na hakujua anacheza na nani.

Sefu aliweka bisibisi mezani, akavuta kiti upande wa pili.