Sikio la Mwakio

Siku hizo, ustadi wa mtu uliowekwa katika Hazina ya Taifa ulimtoka mwenyewe kabisa, ukawa mali ya wote. Mwakio, fundi wa reli mjini Voi, aliweza kugonga gurudumu la garimoshi kwa nyundo akajua papo hapo, kwa mlio wake, kama lina ufa. Bila ustadi huo kuwekwa katika Hazina, garimoshi kuukuu la mvuke alilolitunza miaka mingi lisingeruhusiwa kutembea tena. Basi akautoa.

“Umewapa hata sikio, Baba Wakesho?” mkewe Mghoi alimtania. “Kesho utawapa na mimi!”

“Wewe hawakuwezi.”

Garimoshi lilipopita likipiga king’ora, mji mzima ulishangilia, na Mghoi alimwonea mumewe fahari isiyo kifani.

Jumamosi walikwenda sokoni kununua chungu. Tangu waoane, Mwakio ndiye aliyewachagulia vyungu, na hakuna alichokikubali kikapasukia jikoni. Aligonga kimoja kwa kidole, akainamisha kichwa. Akakigonga tena. Mfinyanzi akangoja. Mwakio akamgeukia mkewe, akitabasamu kama mgeni aliyepotea njia.

Mghoi akakigonga mwenyewe, asijue asikilize nini.

“Kizuri, Baba Wakesho,” alisema, akakipokea kwa mikono miwili.